Arusha, Utrecht au Berkeley? Ulinganisho wa masomo ya uzamili na uzamivu katika biolojia ya molekuli na seli

Ukiweka mezani mitaala ya programu tatu za biolojia ya molekuli na seli, moja ya Afrika Mashariki, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, majina ya kozi yatakaribia kufanana: biokemia ya protini, udhibiti wa jeni, mawasiliano kati ya seli, bioinformatiki (uchambuzi wa data za biolojia kwa kompyuta), mbinu za utafiti. Kwa majina hayo pekee huwezi kuchagua chochote. Wengi wanaomaliza shahada ya kwanza huchagua kwa sifa ya chuo, au kwa nchi, au kwa sababu kaka mmoja wa mwaka uliotangulia alipita hukohuko. Mimi nashauri uchague kwa ratiba. Ulizia wiki ya mwanafunzi wa programu hiyo inakwendaje: saa ngapi anasikiliza, saa ngapi anashika pipeti, saa ngapi anabishana juu ya makala ya mtu mwingine, na muhula ukiisha anapimwa kwa kitu gani. Hapo tofauti zinajitokeza zenyewe, na nyingine ni kubwa kuliko unavyodhani.

Nitalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni uzamili wa nyumbani, ule wa kozi na tasnifu. Humu naziweka Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye idara yake ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, Sokoine, Morogoro, Makerere, Chuo Kikuu cha Nairobi, na PAUSTI, taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) iliyoko Juja, Kenya, ndani ya JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, yenye uzamili na uzamivu wa fani hii. Ya pili ni uzamili wa miaka 2 barani Ulaya, na mfano wangu ni Utrecht, ambako programu yenyewe inaitwa kwa jina la fani: sayansi za uhai za molekuli na seli. Ya tatu ni uzamivu wa Marekani unaoingiwa moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na mfano ni idara ya biolojia ya molekuli na seli ya Berkeley, California. Hii ya tatu watu wengi kwetu hawaijui kabisa. Wanadhani lazima kwanza uwe na uzamili. Si lazima.

Krediti zinavyodanganya

Tuanze na jambo dogo linalowapotosha watu. Tanzania, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inataka uzamili uwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani darasani, maktabani na maabara kwa pamoja. Hizo ni saa 1,800. Uholanzi uzamili wa miaka 2 una krediti 120, na mtu akiziona anasema wale wanasoma kidogo. Lakini krediti yao moja ni saa 28, kwa hiyo jumla ni saa 3,360. Uingereza wanahesabu kama sisi: 180 mara 10, ndiyo maana uzamili wao wa darasani unakwisha ndani ya mwaka mmoja.

Kiwango cha TCU ni cha chini kabisa, na programu nyingi za hapa zinakizidi, hasa ukiingiza miezi ya tasnifu inayosogea mbele bila mtu kuihesabu. Hata hivyo, ukiandika maombi ya kwenda nje usijisifu kwa idadi ya krediti. Eleza ulifanya nini ndani yake. Marekani hesabu hii haina msaada sana, kwa kuwa uzamivu haumalizwi kwa kujaza krediti. Unamalizwa na kamati inaporidhika.

Nyumbani: mwaka wa darasa, mwaka wa tasnifu

Muundo wa kawaida unajulikana. Mihula miwili ya kozi, mitihani, kisha pendekezo la utafiti, kisha tasnifu. Vyuo vyetu vingi vinataka angalau B ili kozi ihesabike umefaulu, kwa hiyo mtu aliyezoea kuponea kwa C kwenye shahada ya kwanza anashtuka anapopata sapu kwa alama ambayo zamani ingemvusha.

Uzuri wa njia hii unaanzia kwenye maswali. Mwalimu wa Morogoro au Kampala akifundisha jenetiki ya virusi, virusi vyenyewe ni vile vinavyoozesha muhogo wa mkulima wa Mkuranga, au vinavyoua nguruwe wa mtaa mzima ndani ya wiki chache. Vimelea vya malaria vyenye jeni za usugu wa dawa havihitaji kuagizwa kutoka popote. Ukisoma Utrecht utajifunza mbinu ileile, ila mara nyingi juu ya chachu, panya au seli za binadamu zilizokuzwa kwenye chupa. Kwa mtu anayejua kabisa kwamba anataka kufanyia kazi magonjwa ya hapa, faida hii ni kubwa. Mtandao wa utafiti anaoujenga akiwa mwanafunzi ndio atakaofanya nao kazi miaka 20 ijayo.

Udhaifu uko sehemu mbili. Kwanza, madesa. Kozi ikifundishwa kwa madesa yaleyale yaliyopita mikononi mwa madarasa matano, na mtihani ukawa wa "eleza" na "orodhesha", utapiga msuli, utafaulu, na bado hutajua kusoma mchoro mmoja wa makala. Si kila kozi iko hivyo. Zipo za Nairobi na Arusha ambazo mwanafunzi anawasilisha makala kila wiki na kuulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Ila tofauti kati ya kozi na kozi ndani ya chuo kimoja ni kubwa, na kipeperushi hakiwezi kukuonyesha. Muulize aliyepo sasa.

Pili, vitendanishi, yaani kemikali na vimeng'enya vya majaribio. Vimeng'enya vya kunakilisha DNA vinahifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Vikikaa uwanja wa ndege vikisubiri karatasi ya forodha huku barafu kavu inaisha, tasnifu yako nayo inasubiri. Mwanafunzi wa Uholanzi anaagiza leo, mzigo unafika baada ya siku chache. Huku mtu mwenye akili anaagiza kabla hata pendekezo lake halijapitishwa, akiombea lipite. Ndiyo maana swali la kwanza kwa msimamizi wa nyumbani lisiwe "mada ni ipi?" bali "fedha za vitendanishi zipo kwenye mradi gani, na mradi unaisha lini?" Msimamizi mwenye mradi uliobakiza miezi 6 hakufai hata akiwa profesa wa kupendwa na wote.

Dawa ya udhaifu huo ipo, nayo ni kuchagua programu iliyofungamana na maabara ya utafiti. Kuna ILRI (utafiti wa mifugo) na icipe (utafiti wa wadudu) Nairobi, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome kule Kilifi kilichoanza mwaka 1989, na Taasisi ya Afya ya Ifakara yenye maabara Bagamoyo. icipe wana mpango wa uzamivu, ARPPIS, tangu mwaka 1983: unasajiliwa chuo kikuu, unafanyia utafiti kwao. Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, wana uzamili wa bioinformatiki, na fani hiyo ina upendeleo mmoja wa wazi kwa mazingira yetu, kwamba kompyuta haihitaji barafu kavu.

Utrecht: kozi chache, maabara mbili

Mtu anayekwenda Utrecht akitarajia kukaa darasani miaka 2 atashangaa. Kozi za nadharia ni sehemu ndogo. Uti wa mgongo wa programu ni miradi miwili ya utafiti: mmoja wa miezi 9, mwingine wa miezi 6 katika kundi tofauti, mara nyingi nje ya chuo au hata nje ya nchi. Juu yake kuna andiko moja refu la mapitio ya makala, na semina.

Kozi zenyewe ni fupi na nzito. Wiki mbili au tatu za mada moja, tuseme namna protini zinavyokunjwa au namna seli inavyosafirisha mizigo yake ya ndani, kisha unaiacha na kuhamia nyingine. Kwa mtu aliyezoea mihula ya kozi sita kwa pamoja, ni ahueni. Kwa mtu aliyezoea kukesha wiki ya mwisho, ni janga, maana wiki ya mwisho inafika kabla hajafungua daftari.

Kinachonivutia hapa ni ule mradi wa pili. Ukifanya tasnifu moja kwa msimamizi mmoja, ukitoka unajua maabara moja tu duniani, na tabia za maabara hiyo unazichukua kuwa ndiyo sayansi. Ukifanya miwili unagundua kwamba kule walikuwa wanarudia jaribio mara 3 na huku wanarudia mara 5, kule daftari la maabara linasainiwa kila Ijumaa na huku hakuna anayeliangalia. Unapata kipimo. Pia unapata warejeleaji wawili wanaokujua kwa kazi ya mikono, na hiyo ni mali unapoomba uzamivu.

Kasoro yake: nafasi za miradi unazitafuta mwenyewe. Utaandika barua pepe kwa viongozi wa makundi, wengine hawatajibu, na hakuna mratibu wa kukugongea mlango. Anayekusimamia siku kwa siku si profesa, ni mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka 26 na jaribio lake mwenyewe linalomshinda. Wapo wanafunzi kutoka kwetu wanaokaa kimya kwa heshima, wakisubiri kuitwa. Kule ukimya unasomwa kuwa umeridhika au hujali. Mwite kwa jina lake la kwanza, muulize, mpinge. Haitachukuliwa kuwa utovu wa adabu.

Uingereza wana njia fupi, uzamili wa mwaka mmoja, na kwa kawaida krediti 60 kati ya 180 ndizo za mradi. Miezi mitatu hivi ya maabara wakati wa kiangazi haitoshi kumfanya mtu awe fundi wa chochote. Inafaa kwa mwajiriwa anayehitaji cheti na maarifa mapya, au kwa aliyepata Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ambayo inalipia mwaka mmoja na kumtaka mtu arudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Kwa anayetaka kuwa mtafiti wa maabara, mimi ningemwambia aiweke chini kwenye orodha yake.

Berkeley: miezi ya kuzunguka

Uzamivu wa Marekani unaanza kama uzamili unavyoanza kwetu, kwa kozi, ila kozi zenyewe ziko chache na zinakwenda sambamba na kuzunguka maabara. Berkeley mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapitia maabara 3, wiki 10 kila moja, kisha anachagua atakayobaki nayo. Mwaka wa pili kuna mtihani wa kufuzu. Anafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mihula miwili. Baada ya hapo ni utafiti mtupu, na safari nzima kwa kawaida huchukua miaka 5 hadi 6.

Kule kuzunguka ndiko kunakobeba thamani kubwa kuliko kozi yoyote. Wiki 10 hazitoshi kupata matokeo, na hakuna anayekutarajia uyapate. Zinatosha kuona kama kiongozi wa maabara anapayuka kwenye kikao cha Jumatatu, kama wanafunzi wake wanamaliza, kama mtu akisema "sijui" anachekwa. Kwetu mwanafunzi anafungwa na msimamizi kabla hajamwona akikasirika.

Kuhusu alama, vyuo vingi vya Marekani vinataka wastani wa 3.0 kwa 4.0, yaani B, na walimu wenyewe hawazipi kozi uzito mkubwa. Ukipata A katika kila kozi lakini maabara zote 3 zisikutake, uko taabani. Ukipata B na maabara mbili zinakugombania, huna shida. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa wa kwanza darasani huchelewa kulielewa hili. Anakesha na kozi, anaonekana maabara kwa kuibia, na muda wa kuzunguka unakwisha hajaacha jina popote.

Ujerumani kuna kitu kilichokaa katikati ya Utrecht na Berkeley, nacho nakipenda. Göttingen wana programu ya biolojia ya molekuli tangu mwaka 2000, inayochukua takribani wanafunzi 20 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ni wa mihadhara, mazoezi ya maabara na kuzunguka makundi, pamoja na mitihani. Anayefanya vizuri anaruka tasnifu ya uzamili na kuingia uzamivu moja kwa moja. Mwingine anaandika tasnifu na kuondoka na uzamili wake wenye heshima. Nafasi ni chache mno. Omba hata hivyo.

Swali moja, mitihani miwili

Maneno yakizidi ni bora kuonyesha. Mada: protini inaingiaje ndani ya kiini cha seli.

Mtihani wa mtindo wa kwanza unasema: "Eleza jinsi protini zinavyosafirishwa kuingia kwenye kiini. Alama 20." Mwanafunzi anaandika kurasa tatu: matundu ya utando wa kiini, protini za kubeba, nishati inayotumika. Akikariri vizuri anapata 17.

Mtihani wa mtindo wa pili unakupa kisa. Mwaka 1984 Kalderon na wenzake walichunguza protini kubwa ya kirusi SV40, ambayo hukaa ndani ya kiini. Walipobadilisha asidi amino moja tu (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini), laisini ya nafasi ya 128, kuwa threonini, protini ikabaki nje, kwenye saitoplazimu. Swali: je, jaribio hili linathibitisha kwamba eneo hilo ndilo linaloipeleka protini kwenye kiini?

Wengi hujibu ndiyo. Jibu ni hapana, bado. Jaribio limeonyesha kwamba eneo hilo linahitajika. Halijaonyesha kwamba linatosha. Inawezekana badiliko lile limeharibu umbo la protini nzima, na kushindwa kuingia ni matokeo ya pembeni. Ungefanya nini? Hapa ndipo darasa linapochangamka. Mmoja anasema badilisha asidi amino nyingine mbali na hapo uone. Mwingine anasema pima kama protini iliyobadilishwa bado inafanya kazi zake nyingine. Yote ni mazuri, lakini pigo la mwisho ni kuchukua kipande hicho kifupi, asidi amino 7 tu, na kukiunganisha na protini ambayo haijawahi kukaa kwenye kiini. Ndivyo walivyofanya: wakakipachika kwenye kimeng'enya cha pairuveti kinesi, mkazi wa kudumu wa saitoplazimu, nacho kikahamia kwenye kiini.

Mwanafunzi aliyepita kwenye swali hilo, kila akiona makala inayosema "jeni hii inasababisha" anajiuliza palepale: inahitajika, au inatosha? Hiyo ndiyo elimu anayolipiwa ada. Kozi za Berkeley na Göttingen zimejaa maswali ya namna hii. Utrecht yanakuja zaidi kupitia andiko la mapitio na vikao vya kundi. Nyumbani inategemea mwalimu, na wapo walimu wa hapa wanaoyatunga vizuri kuliko hata wa ng'ambo. Kabla hujaomba programu yoyote, omba mtihani mmoja wa zamani. Ukiona "eleza, orodhesha, taja" ukurasa mzima, umeshajua.

Mtihani wa kufuzu wa Marekani unakuza mtindo huo huo mpaka mwisho. Unaandika pendekezo la utafiti, unasimama mbele ya kamati ya maprofesa, na kwa saa mbili hivi wanakuuliza jaribio likikataa utafanya nini, na likikubali umethibitisha nini. Hakuna desa la kukuokoa.

Kozi za hiari: chagua mbili hizi

Popote utakapokwenda utaachiwa nafasi za kozi za hiari, na watu huzijaza kwa zile zinazofanana na walichokwisha kusoma. Kama nafasi ni mbili tu, chukua takwimu na bioinformatiki. Mengine yote utajifunza kwa kusoma na kwa kukaa na watu maabara. Takwimu hakuna atakayekufundisha maabara. Utachekwa tu ukikosea. Asiyeweza kupanga mfuatano wa jeni 200 kwa msimbo aliouandika mwenyewe atakuwa ombaomba wa wenzake miaka yote.

Kwa bioinformatiki huhitaji hata kusubiri kudahiliwa. Mtandao wa H3ABioNet ulianza mwaka 2016 kuendesha kozi ya utangulizi kwa madarasa yaliyotapakaa Afrika, wanafunzi wakikaa pamoja chuoni kwao huku mihadhara ikija kwa video. Mihadhara ya biolojia ya seli ya iBiology iko wazi mtandaoni bila malipo, inatolewa na watafiti wenyewe. Sikiliza mitatu. Ukiona umeelewa nusu, uko tayari kwa kozi za uzamili popote.

Nani analipa

Hapa ndipo uamuzi wa wengi unapoishia, na hakuna aibu.

Uzamivu wa Marekani katika fani hii unalipwa. Ada inafutwa na mwanafunzi hupokea posho, katika programu nyingi zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. California pesa hiyo inaliwa na kodi ya chumba kabla hujaonja, lakini hudaiwi na mtu. Tatizo liko mlangoni. Fedha za serikali yao za kufundishia wanafunzi wa uzamivu, zile za NIH (taasisi za taifa za afya), kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu, kwa hiyo chuo cha umma kinafikiri mara mbili kabla ya kumchukua mgeni. Mwaka 2025 programu kadhaa zilipunguza nafasi baada ya bajeti ya utafiti kuyumba, na mwaka huohuo masharti ya viza kwa nchi kadhaa za Afrika yakabadilishwa. Angalia masharti ya nchi yako wiki unayoomba, usitegemee ya mwaka jana.

Utrecht ni kinyume. Mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya hulipa ada inayozidi yuro 20,000 kwa mwaka. Bila ufadhili, usijidanganye. Ujerumani majimbo mengi hayatozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg wanawatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Lakini ubalozi unataka kuona fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, yuro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Familia ngapi za kwetu zina hiyo hela imelala benki? Wenye Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, wanapata yuro 1,400 kwa mwezi na ada imelipwa, nayo ni bahati ya kukimbilia ikitangazwa programu inayogusa fani yako.

Nyumbani ada ni ndogo kuliko kote, na PAUSTI hutoa ufadhili wa Umoja wa Afrika kwa wanafunzi kutoka nchi wanachama. Tatizo ni gharama isiyoandikwa: vitendanishi. Ukiambiwa "utafiti utajigharamia", toka taratibu, funga mlango.

Ningemshauri nani nini

Mwenye GPA ya kawaida, tuseme 3.2 kwa 5, asiyewahi kufanya kazi ya maabara zaidi ya mazoezi ya darasani: anza nyumbani, tena kwenye programu yenye maabara ya utafiti nyuma yake. GPA ya 2.7 ndiyo mlango wa uzamili Tanzania, na tasnifu nzuri yenye makala moja iliyochapishwa itafuta kumbukumbu ya alama za mwaka wa pili. Kwenda Berkeley moja kwa moja ukiwa hivyo ni kupoteza ada za maombi.

Mwenye GPA ya juu na mwaka mmoja au miwili ya kazi Ifakara, Kilifi au ILRI: omba Marekani na Göttingen kwa pamoja, usipitie uzamili mwingine. Watu huogopa, wanajiambia "ngoja kwanza nipate masters." Miaka 2 inakwenda, na uzamili huo Marekani haukupunguzii hata mwaka mzima.

Mwajiriwa wa serikali mwenye ruhusa ya masomo na familia Dodoma ana mambo mengine ya kupima. Miaka 6 ugenini na watoto wawili haipimwi kwa ubora wa kozi. Hapa Arusha au Juja ni jibu la haki kabisa, na mpango wa pamoja wenye miezi kadhaa ya maabara ng'ambo unaweza kumpa karibu kila alichokikosa.

Asiyejua kama anapenda maabara au la ningempeleka Ulaya kama pesa ipo. Miradi miwili itamwambia ukweli, naye akigundua haipendi anatoka na shahada kamili mkononi. Kuligundua hilo mwaka wa tatu wa uzamivu ni habari nyingine.

Kalenda

Marekani dirisha hufungwa mwanzoni mwa Desemba kwa masomo ya Agosti mwaka unaofuata. Göttingen hufunga katikati ya Januari. Chevening hufunguliwa Agosti. Vyuo vya Tanzania hupokea maombi ya uzamili katikati ya mwaka kwa masomo yanayoanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo unaweza kuomba kote na bado nyumbani pakawa akiba.

Barua za mapendekezo, ambazo Marekani huwa 3, waombe walimu mwezi Agosti, si wiki ya mwisho ya Novemba wakati wanasahihisha. Mwalimu aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho ana uzito kuliko mkuu wa idara asiyekujua sura. Mpelekee ukurasa mmoja unaomkumbusha ulifanya nini: jaribio lipi, lilikataa wapi, ulilirekebishaje. Barua huipandisha yeye mwenyewe kupitia kiungo anachotumiwa kwa barua pepe, hivyo kwenye fomu jaza anwani yake ya chuo, na kwanza hakikisha kwamba anaifungua.